Mchana mabango ya biashara, jioni ukuta wa mtaa: je, nichague kimoja?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, nimeajiriwa na kampuni ya uchapishaji na mabango hapa Mombasa, huu mwaka wa nne. Kwa wakati wangu nachora kuta. Nyuma ya shule ya msingi ya mtaani kwetu takataka huchomwa karibu kila jioni, moshi unaingia madarasani na majumbani. Kikundi cha vijana kimeniomba nichore ukuta wa shule unaotazama barabara, mita nane kwa tatu. Nataka sana. Lakini kampuni yetu huchapisha mabango ya kaunti na naogopa kufukuzwa. Wasanii wenzangu wanasema sanaa ikibeba ujumbe inageuka tangazo. Shirika moja liko tayari kununua rangi, ila linataka nifanye bure 'kwa ajili ya jamii' na nembo yao iwekwe. Nimefika mahali naona nina watu wawili ndani yangu, wa mchana na wa jioni. Niache kazi nifuate moyo, au niache kutetea watu mpaka nijipange?"

Marahaba, dada, na asante kwa kueleza mambo kwa kina.

Nikurudishie swali lako nilivyolielewa. Unaogopa kupoteza mshahara kwa kuchora jambo linaloigusa kaunti, ambayo ni mteja wa mwajiri wako. Unaogopa kushuka hadhi mbele ya wasanii wenzako. Na kuna shirika linalokufanya uone kwamba kudai malipo ni kukosa utu. Hofu hizi tatu kila moja ina jibu lake, na ni kuzifunga kitita kimoja ndiko kunakokusukuma kwenye "niache kazi" au "niache mtaa". Kwa hali uliyoieleza huna haja ya kuacha chochote. Kazi ibaki, ukuta uchorwe. Ila mkebe wa rangi usifunguliwe kabla hamjajibu jambo ambalo barua yako haikuligusa: mnamdai nani, mnamdai nini, na mnataka kifikapo lini?

Nianze na wasanii wenzako, maana maneno yao ndiyo huuma zaidi. Mji wenu huo ndio wa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Alitunga mashairi ya mapenzi na ya shida za kila siku, na pia ya kuwasimamia Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipokuwa wakivutana na Seyyid Said wa Oman. Siasa ile imekwisha zamani, na mashairi bado yanasomwa kama mashairi. Unguja, Siti binti Saad, aliyesafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba habari za wanyonge walionyimwa haki, watu wakaja kwa sauti na kwa maneno pia. Tena chukua kanga iliyoko kabatini mwako: ina pindo, ina mji, ina jina. Anayeichagua hupima rangi, akasoma na maandishi, akijua jirani gani atayasoma. Kwetu urembo na ujumbe vimekaa nguo moja siku zote.

Hata hivyo wenzako wana punje ya ukweli, usiitupe. Ukuta wenye mapafu meusi, mti wa kijani na maneno "Tutunze mazingira yetu" ni tangazo kweli, na baya. Unawaambia watu wote kwa hiyo haumwambii mtu. Jirani anayekohoa usiku hahitaji kuelezwa kwamba moshi ni mbaya. Kosa kubwa la kuta nyingi za namna hii ni kudhani kwamba watu hawajui. Wanajua. Wasichojua ni nani anapaswa kufanya nini, au wanajua lakini kila mmoja anajua peke yake.

Sanaa inafanyaje kazi mahali kama hapo? Angalia lililotokea Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza yenye maneno makali kwa wakubwa, ikazinduliwa na waziri wa serikali. Mwaka huo huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitayarisha mchezo kwa Kikuyu pamoja na wakulima na vibarua wa pale, ambao walirekebisha maneno, wakajenga jukwaa kwa mikono yao, wakaigiza wenyewe. Baada ya wiki chache kibali kilifutwa, Ngũgĩ akawekwa kizuizini tarehe 31 Desemba bila kesi, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Tofauti haikuwa ukali wa maneno. Ilikuwa nani aliyashika. Mtu akishiriki kutengeneza kitu hukitetea, huja mkutanoni kukieleza, na hawezi tena kusema hayamhusu. Nguvu inatoka hapo, na hatari pia inatoka hapo. Ukipanga ushirikishe watu, panga pia namna ya kuwalinda.

Sasa turudi kwenye moshi wenu. Kwa nini takataka zinachomwa? Mara nyingi ni kwa sababu gari la taka haliji, au huja likakuta hakuna mahali zilipokusanywa. Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, inaweka uzoaji na utupaji wa taka chini ya serikali ya kaunti, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo dai lenu lina mwenyewe. Liandikeni kwa sentensi moja inayopimika, kwa mfano: kontena moja la taka mbali na ukuta wa shule, na gari mara mbili kwa wiki. Kisha mtazame kalenda ya fedha. Mkakati wa fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Wananchi lazima washirikishwe kabla ya kupitishwa. Ukuta uliokamilika Januari una miezi mitatu ya kusema wakati masikio yako wazi. Wa Julai unasema na mlango uliokwisha fungwa. Bahati nzuri Desemba hadi Machi ni kaskazi, ukuta unakauka, na likizo ya Desemba shule iko tupu.

Pamoja na picha anzeni daftari. Kwa siku 30 mtu mmoja aandike tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokwisha, upepo ulikoelekea, na kama madirisha ya darasa yalifungwa. Daftari la shilingi hamsini lina uzito kuliko mtu anavyodhani. Watu wa Owino Uhuru, hapo hapo Mombasa, walioumizwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, walikwenda kortini mwaka 2016 wakiwa na vipimo, si malalamiko matupu. Walishinda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakaangushwa kwenye rufaa mwaka 2023, wakashinda tena Mahakama ya Juu Desemba 2024. Safari kama hiyo haibebwi na picha peke yake, ila picha yaweza kuwakusanya watu wasichoke njiani.

Ukitaka mfano wa picha inayoshikana na daftari, fikiria kamba tatu za kuanikia nguo, zimepita ukuta mzima, na kila kamba ina mashati kumi ya shule, meupe. Kila jioni moshi unapowashwa, asubuhi yake shati moja linapakwa kijivu, kwa zamu, na mzazi au mwanafunzi wa darasa la juu. Wiki ikipita bila moshi, shati moja linarudishwa jeupe. Chini yake sentensi yenu ya dai. Mpita njia atauliza kwa nini jana yalikuwa sita na leo saba. Hapo hujachora tangazo, umechora hesabu ya mtaa, na hata mwakilishi wadi akipita na gari ataisoma. Si lazima iwe hiyo. Kaeni vikao viwili: cha kwanza usipeleke mchoro wowote, sikiliza tu na uandike vitu wanavyovitaja kwa majina, iwe ndoo, pazia, kifua cha bibi au mtihani wa Ijumaa, cha pili upeleke michoro mitatu midogo waipasue kwa maneno. Nyuso za watoto usizichore wala kuzipiga picha bila ruhusa ya maandishi ya mzazi, na mimi ningeziepuka kabisa. Mtoto aliyechorwa anakohoa ukutani ataitwa jina hilo mpaka amalize shule.

Ukuta wenyewe sasa, maana hapa ndipo kazi nyingi za kujitolea hufa ndani ya mwaka mmoja. Mita nane kwa tatu ni mita za mraba 24. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita 10 hadi 12 kwenye plasta laini, lakini plasta ya kukwaruza hunywa, kwa hiyo hesabu 8. Praima, yaani rangi ya kutangulia inayoshika ukuta, mkono mmoja ni lita 3, nunua mkebe wa lita 4. Rangi ya chini mikono miwili ni lita 6, nunua mikebe miwili ya lita 4. Nyeupe ya mashati lita 4, na rangi nyingine tano lita moja moja. Chukua rangi ya maji ya nje, na praima inayostahimili saruji. Plasta ikiwa mpya, ngoja siku 28, la sivyo chokaa yake itaila rangi.

Mombasa adui ni chumvi na unyevu. Kabla ya kununua chochote, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unanyonya maji kutoka ardhini au kuna bomba linalovuja, na rangi yoyote itavimba. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi. Isugue kwa brashi kavu na uizoe, usiimwagie maji kwa sababu itayeyuka na kurudi ndani. Nusu mita ya chini kabisa iache rangi moja tupu isiyo na mchoro, ndiyo itakayoharibika kwanza na mtaipaka upya bila kugusa picha. Kuvu na ukijani viue kwa dawa ya kufulia ya klorini, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, dakika 15 hadi 20, sugua, suuza, ngoja siku mbili. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Mvuke wake unaunguza mapafu.

Kama ukuta una rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu. Rangi hizo, hasa za njano, machungwa na nyekundu, huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Tandaza nailoni chini, lowesha, kwangua ikiwa imelowa, vaa barakoa ya vumbi na si kitambaa, zoa mabaki yote siku hiyo hiyo. Kwa rangi mpya, kiwango cha Kenya kinataka risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Usinunue rangi ya mafuta ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo hata ikiwa nusu bei. Itakuwa msiba kutetea mapafu ya watoto kwa rangi inayowatia sumu kwenye damu.

Kuhamisha mchoro, chora kwenye karatasi ya sentimita 80 kwa 30, yenye miraba ya sentimita 5; ukutani miraba iwe ya sentimita 50, uipige kwa uzi wa chaki. Herufi zihesabie hivi: kila mita 3 za umbali zinahitaji kama sentimita 2.5 za kimo ili zisomeke bila taabu. Barabara ikiwa mita 12, herufi zisipungue sentimita 10, na kwa abiria wa matatu inayokimbia zifanye 20. Maneno yakizidi saba hayatasomwa. Weka kiganja ukutani: ukishindwa kukiacha kwa joto, usipake, kwa sababu rangi itakauka juu kabla ya kushika chini, na baadaye itabanduka kama ngozi ya nyoka. Paka kivuli kinapouangukia. Nyekundu na njano za udongo hudumu juani. Waridi na zile zinazong'aa hupauka mapema. Mwisho, kila rangi iliyotumika hifadhi robo lita kwenye chupa yenye kifuniko, iandikwe jina na tarehe, ikae kwa mtunza shule. Bila akiba hiyo hakuna atakayeupata ule ule ukijivu mwezi wa tano.

Ruhusa ya ukuta iwe ya maandishi, kutoka kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule, na mchoro wa mwisho uambatanishwe. Usimfiche mwalimu mkuu ujumbe ili apate kukubali. Yeye ndiye atakayeitwa ofisini, si wewe. Akiona ni mzito kwake, nyumba ya mtu binafsi inayotazama barabara hiyo hiyo ni bora kuliko shule iliyolazimishwa. Ulizia pia ofisi ya kaunti ya wadi yenu kuhusu kibali cha michoro ya nje.

Nije kwenye ajira. Toa mkataba wako usome sehemu tatu: kazi za nje, mgongano wa maslahi, na umiliki wa kazi unazobuni. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoifanya ndani ya ajira yako huhesabiwa ni ya mwajiri mpaka muwe mmekubaliana vingine. Ndiyo maana mchoro wa ukuta usiuguse kwenye kompyuta ya ofisi, usiuchapishe kwenye mashine yao hata karatasi moja, usiutume kwa barua pepe ya kazi, na usitumie saa ya chakula. Mkataba ukitaka idhini, iombe. Mkataba ukiwa kimya kuhusu hilo, mimi ningemwambia msimamizi wako ana kwa ana kabla hajaliona barabarani, kisha nimwandikie mistari kama hii:

"Nakujulisha kwamba nitashiriki kazi ya sanaa mtaani kwetu siku za Jumamosi na Jumapili mwezi wa Januari. Sitatumia muda, vifaa wala jina la kampuni. Nikipangiwa kazi ya mteja inayohusu jambo hilo, nitakuambia ili apewe mwenzangu."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Waajiri wengi hawaogopi maoni yako, wanaogopa mteja kusema kwamba mtu wao wa ndani ametoa siri. Na kweli usitoe: kama kazini umeona karatasi ya kaunti kuhusu zabuni ya taka, isiingie kwenye ukuta wala kwenye kikao. Tafuteni taarifa hiyo kwa njia ya wazi, kwa kuomba rasmi.

Je, wanaweza kukufukuza? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, inasema maoni ya kisiasa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na huwezi kuachishwa bila kusikilizwa. Lakini sitakudanganya: sheria huja nyuma ya tukio, na kesi haijazi sufuria. Kabla ya kupanda ngazi uwe na akiba ya miezi mitatu ya kodi na chakula. Kama huna, na msimamizi ameonyesha wazi kwamba hataki, kuna njia ya kati: endesha vikao, chora mchoro mdogo, wafundishe vijana kupiga miraba, ngazi wapande wao. Wengine watauona huo kuwa woga. Mimi naona ni mgawanyo wa kazi, na mtaa unabaki na vijana sita wenye ujuzi badala ya msanii mmoja.

Kuhusu shirika: kununua rangi si kukulipa. Tafuta bei yako ya siku kwanza. Ukihitaji shilingi 60,000 kwa mwezi, na siku unazoweza kuuza kweli kweli ni 12, basi siku yako ni 5,000. Ukuta huu, pamoja na vikao, maandalizi na kuchora, hautapungua siku 9, yaani 45,000. Waandikie ankara ya bei kamili, kisha uonyeshe punguzo unalolitoa kwa hiari, tuseme asilimia 60, ili walipe 18,000. Ukiandika sufuri, mwaka ujao bajeti yao itasema mchoraji hagharimu kitu, na atakayefuata baada yako ataumia. Punguzo ni lako peke yako. Wasaidizi walipwe siku yao kamili na wapate chakula. Ongeza asilimia 10 ya dharura na 10 ya ukarabati wa mwaka mmoja. Wakikata kodi ya zuio, ile inayotolewa kwenye malipo kabla hujayapokea, dai cheti chake.

Soma tena sheria ile ile ya hakimiliki: kazi uliyoagizwa na mtu pia huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mkataba useme vingine. Shirika likikuagiza bila maandishi, linaweza kuutia mchoro wa mashati kwenye kalenda na fulana bila kukuuliza. Andikeni: "Hakimiliki ya mchoro inabaki kwa msanii na kikundi. Shirika linaruhusiwa kutumia picha za ukuta kwenye ripoti zake, likitaja majina yao. Matumizi ya kuuza yaombewe ruhusa." Nembo ningeikataa ukutani, kwa heshima. Nembo humbadilisha mwenye dai: afisa akija atalipigia simu shirika badala ya kuzungumza na wazazi, na kaunti inaweza kuuhesabu ukuta kuwa tangazo la kulipiwa. Washukuruni kwenye karatasi ya uzinduzi. Wakisema bila nembo hakuna rangi, pigeni hesabu upya; kaya 40 zikichanga shilingi 300 ni 12,000, inatosha kuanza na ukuta wa nusu.

Jina lako je? Watu wengi hudhani kutotia saini ni kinga. Mtaani si kinga, kila mtu amekuona juu ya ngazi. Saini ya kikundi ni bora, kwa kuwa inasema kweli ni kazi ya wengi. Usichore sura wala jina la mtu au kampuni na kumtuhumu. Kesi ya madai ya kuchafuliwa jina hugharimu hata ukishinda, na dai lenu linahusu gari na kontena, halihitaji adui mwenye sura. Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanii kwa jina lake, na mipaka yake ni kama uchochezi wa ghasia na chuki. Kuchora ukuta wenye ruhusa si maandamano. Ila mkiufungua kwa mkutano wa hadhara, sheria inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, si ombi la ruhusa; pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo.

Hilo la kuacha kazi ili ufuate moyo: miaka minne ya mabango imekupa jicho la herufi, kupima ukuta kwa macho, kujua duka lipi linachakachua rangi. Hivyo ndivyo mtaa ulivyokuitia. Ukiacha leo, mwezi wa tatu utakuwa unachukua kila kazi ya shirika lenye fedha, na mada utachaguliwa wewe. Ningefikiria kuacha pale ambapo kazi za nje zimekulipa angalau nusu ya mshahara kwa miezi sita mfululizo, kutoka kwa wateja wasiopungua watatu. Kuna sababu moja ya kuondoka mapema: ukipangiwa kuchapisha kitu unachojua ni uongo unaoumiza watu, ukaomba apewe mwingine, wakakataa.

Na yule mtu wa jioni apumzike. Ukianza, simu italia usiku: fulani amewasha moto, fulani ametishwa. Kikundi kiwe na watu watatu wa kupokea simu kwa zamu, usiwe mmoja kila wiki. Uwe pia na daftari la kuchorea lisilotetea chochote, samaki, mikono ya mama, chochote. Mchoraji asiyechora kwa furaha huanza kurudia picha moja, na watu huona.

Sasa mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mkataba wako ukiwa na kifungu usichokielewa, mwonyeshe wakili kabla ya kuandika kwa msimamizi. Ukifukuzwa, nenda kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Ukitishwa na mtu yeyote, ripoti kituoni na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Anayekutisha akiwa ni polisi, kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, wako Mombasa kwa msaada wa karibu. Mtoto akiendelea kukohoa au kubanwa kifua hata moshi unapotulia, apelekwe zahanati, na kadi yake mzazi aiweke pamoja na daftari la siku 30. Ukianza kukosa usingizi kwa hadithi unazozisikia vikaoni, tafuta mshauri nasaha wa kukaa naye uso kwa uso. Na siku mtakapomaliza, piga picha ukuta mzima mchana, kipande kwa kipande, mhifadhi nakala nyumba mbili tofauti, pamoja na ile barua ya ruhusa ya shule, kwa sababu ukuta unaweza kupakwa chokaa usiku mmoja, na mkiwa na vipimo, miraba na zile chupa za robo lita, mtaurudisha kwa siku nne.